Mchoraji wa gemu yangu nimlipe nini?

SWALI: Shikamoo. Natengeneza gemu ya kompyuta peke yangu. Programu naandika mwenyewe, ila kuchora siwezi. Gemu ina wahusika 12 na akiba yangu ni ndogo. Nataka kutangaza shindano: wachoraji wanichoree mhusika mkuu, atakayenipendeza nimpe kazi yote na asilimia 20 ya mauzo gemu ikitoka. Rafiki yangu anasema huo ni unyonyaji. Lakini mbona hata mimi sijilipi?

JIBU: Marahaba. Rafiki yako anasema kweli, ingawa naamini hukukusudia kumnyonya mtu. Hujilipi, sawa, lakini gemu ni yako. Ikivuma, jina ni lako, na gemu ya pili utaianza ukiwa na pa kusimamia. Mchoraji ikimwendea vibaya anabaki na ahadi.

Hebu tuipigie hesabu hiyo asilimia 20. Tuseme unauza nakala moja dola 10 na unapata wanunuzi 1,000, idadi ambayo gemu nyingi za watengenezaji wadogo haziifikii. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, kwa kawaida hukata asilimia 30. Zinabaki dola 7,000, kabla ya kodi na kabla ya wanaorudisha gemu na kudai pesa zao. Fungu la mchoraji, tukihesabu asilimia 20 ya kinachobaki, ni dola 1,400. Kama alichora kwa saa 700, amelipwa dola 2 kwa saa, tena baada ya kungoja gemu ikamilike. Mgawo ni jambo zuri ukiuweka juu ya malipo. Ukiuweka badala ya malipo, unamkopa mtu bila kumwambia kwamba unamkopa.

Na shindano liache kabisa. Wakijitokeza watu 30, umewafanyisha kazi 29 bure. Tazama kazi walizokwisha kufanya, hasa zinazojongea, maana mtu anaweza kuchora picha moja ya kuvutia akashindwa kumfananisha mhusika yule yule katika fremu mia, yaani picha zinazofuatana kuonyesha mwendo. Chagua wawili au watatu, wape jaribio dogo linalofanana, mhusika apige hatua chache tu, na wote uwalipe, hata usiowachukua.

Ila kabla ya kumtafuta yeyote, hesabu picha. Hapa ndipo naona miradi mingi ikikwama, kwa sababu mwenye gemu anasema "wahusika 12" akidhani ametaja kiasi cha kazi. Mhusika mmoja anasimama, anatembea, anakimbia, anapiga, anaanguka: vitendo 5. Anaelekea pande 4, lakini kushoto hupatikana kwa kugeuza kulia, kwa hiyo zinachorwa 3. Weka fremu 8 kwa kila kitendo. Hizo ni picha 120 za mtu mmoja, na wahusika wako 12 ni picha 1,440. Miti, nyumba, vitufe na ramani bado hujavigusa. Mchoraji mzoefu atakuuliza haya mapema, pamoja na ukubwa wa kila picha kwa pikseli. Ukiona akiba haitoshi, punguza gemu. Wahusika 12 wanaweza kuwa 4 na hadithi ikasimama vizuri; bei ya mtu usiipunguze.

Mkataba uwe wa maandishi, hata kama ni ukurasa mmoja. Toa arbuni kabla kazi haijaanza, kisha lipa kila fungu la picha unapolipokea. Taja marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, na kwamba ya ziada yanalipiwa. Mradi ukifa njiani, kilichochorwa kilipwe. Kuhusu hakimiliki, katika nchi zinazofuata Mkataba wa Berne wa 1886 haki huanza pale kazi inapofanywa, bila kusajiliwa, na kwa kawaida ni ya aliyechora. Kumlipa pekee hakukupi haki zote, kwa hiyo andikeni anakupa matumizi gani, na kama utapata faili zenye leya zake, yaani tabaka za mchoro zinazoweza kurekebishwa moja moja. Jina lake liwemo ndani ya gemu, naye aruhusiwe kuonyesha michoro hiyo anapotafuta kazi nyingine. Kama kuna mgawo, andikeni ni asilimia ya mauzo yote au ya kinachobaki, na kwamba ana haki ya kuiona ripoti ya mauzo.

SWALI: Mimi ni mchoraji. Nimeombwa nichore gemu nzima bure, eti itanitangaza. Nikatae?

JIBU: Kataa kwa adabu na umtumie bei yako. Kama gemu yenyewe umeipenda kweli, mwambie unaingia kama mshirika: sehemu ya umiliki iandikwe, na uwe na sauti katika maamuzi. Asipokubali bei wala ushirika, usimchoree hata mhusika wa kujaribia.