Fuatilia Kifungu, Usifuatilie Habari: Ushauri kwa Wanaofanya Kazi Ofisi ya Karani wa Kaunti Texas

Ndugu zetu walioajiriwa kwenye serikali za mitaa hapa Texas, hasa wanaokaa kaunta ya karani wa kaunti, huniuliza swali moja mara kwa mara: utajuaje sheria imebadilika kabla mwananchi hajasimama mbele yako na fomu mkononi? Jibu langu halijabadilika kwa miaka. Fuatilia kifungu, usifuatilie habari. Televisheni itakueleza kuhusu mpaka, shule na kodi ya mali inayotozwa nyumba. Haitakuambia kwamba ada ya kusajili hati imeguswa.

Kwa walio mbali na kazi hii: Texas ina kaunti 254, na karani wa kaunti huchaguliwa kwa kura. Ndiye anayesajili hati za ardhi, anayetoa leseni za ndoa, anayepokea majina ya biashara, anayeandika kumbukumbu za baraza la makamishna, yaani chombo kinachoongoza kaunti. Pale ambapo kaunti haijateua msimamizi wa uchaguzi, mara nyingi na uchaguzi unamwangukia yeye. Karibu kila anachokifanya kimeamriwa na Bunge la jimbo kule Austin, hadi senti ya mwisho. Sura ya 118 ya Kanuni za Serikali za Mitaa ndiyo inayosema usajili wa hati ni dola 5 kwa ukurasa wa kwanza na dola 4 kwa kila ukurasa unaofuata, kabla hujaongeza ada za kutunza kumbukumbu. Karani hana ruhusa ya kupunguza wala kuongeza.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ifanyike wakati Bunge limelala. Keti na wenzako muorodheshe kila huduma mnayotoa, na pembeni muandike sura na kifungu kinachoisimamia: ada, ndoa, matangazo ya mikutano, majina ya biashara, uchaguzi. Orodha hiyo ndiyo wavu wako. Mswada wowote unaogusa kifungu kilichomo utaunasa, hata kama kichwa chake hakitaji neno karani.

Nasisitiza hili kwa sababu vichwa vya miswada ni vifupi na vinaficha mengi. Chukua HB 1522 ya mwaka 2025 (HB ni mswada ulioanzia Baraza la Wawakilishi, SB ni ulioanzia Seneti). Kichwa chake kinazungumzia tangazo la mkutano tu. Ukifungua ndani unakuta mambo mawili mazito. La kwanza, tangazo la mkutano wa hadhara lililokuwa likibandikwa saa 72 kabla sasa linatakiwa siku 3 za kazi kabla. Tofauti yake inaonekana ukishika kalenda. Baraza la makamishna likikutana Jumanne saa tatu asubuhi, zamani tangazo lililobandikwa Ijumaa jioni lilitosha, maana Jumamosi na Jumapili zilihesabiwa. Sasa hazihesabiwi, na sikukuu nazo hazihesabiwi, hivyo tangazo la Ijumaa ni batili. Ajenda inapaswa kufungwa mapema, idara zilete hoja zao mapema, na wewe unayebandika uwe na msimamo wa kukataa hoja iliyochelewa hata kama imeletwa na mkubwa. La pili, mkutano wa kujadili bajeti sasa unahitaji pia maelezo yanayomwonyesha mlipa kodi jinsi bajeti hiyo itakavyogusa kodi ya mali inayotozwa nyumba ya thamani ya kati. Hiyo ni kazi ya wahasibu, lakini inaambatana na tangazo, na tangazo liko mikononi mwako. Sheria hiyo ilianza kutumika 1 Septemba 2025, ambayo ilikuwa Siku ya Wafanyakazi hapa Marekani, ofisi zimefungwa. Aliyengoja Jumanne ndipo aisome hakuwa na nafasi ya kujipanga.

Jifunze pia kusoma namba za watu. Katiba ya Texas inazuia Bunge kutunga sheria kwa ajili ya kaunti moja iliyotajwa kwa jina, kwa hiyo wabunge huandika idadi ya watu badala ya jina. SB 1750 ya mwaka 2023 ilifuta nafasi ya msimamizi wa uchaguzi katika kaunti zenye zaidi ya watu milioni 3.5. Kaunti ya namna hiyo ni moja tu, Harris, yenye Houston ndani yake. Kufikia 1 Septemba mwaka huo kazi ya kuendesha uchaguzi ilirudishwa kwa karani wa kaunti, na uandikishaji wa wapiga kura kwa mkusanya kodi, wakati uchaguzi wa Novemba uko mlangoni. Mimi naona hilo lilikuwa zito mno kubebeshwa watumishi kwa muda mfupi vile. Ndiyo sababu nasema: ijue idadi rasmi ya watu wa kaunti yako kwa sensa ya mwisho, na kila uonapo namba kwenye mswada, linganisha.

Kikao cha kawaida cha Bunge hufanyika miaka isiyogawanyika kwa mbili tu, kwa siku 140. Miswada mingi huletwa hadi siku ya 60, na kuanzia hapo orodha yako haitakua sana. Tovuti ya Bunge ni bure. Jisajili upate taarifa kwa barua pepe kila mswada wako unaposogea. Usome maandishi yenyewe. Maneno mapya yamepigiwa mstari chini, yanayoondolewa yamekatwa katikati. Mimi huanza mwisho, kwenye kifungu kinachosema sheria itaanza lini, kwa sababu theluthi mbili ya wabunge wote wa kila baraza, la Wawakilishi na la Seneti, wakikubali inaweza kuanza papo hapo, bila kungoja Septemba.

Kuna karatasi nyingine ambayo wengi huiruka: makadirio ya gharama yanayoambatana na mswada. Mwishoni ina sehemu ya athari kwa serikali za mitaa, na mara nyingi imeandikwa kwamba hakuna athari kubwa inayotarajiwa. Ukiona hivyo nawe unajua mswada huo utakulazimisha kubadili programu ya usajili, kuchapisha fomu mpya na kufundisha watu wa kaunta, mwambie karani wako wakati mswada bado uko kamatini. Kamati husikiliza, na Chama cha Makarani wa Kaunti na Wilaya cha Texas hupeleka hoja za wanachama wake. Hesabu ya kweli kutoka kaunta ina uzito kuliko malalamiko ya jumla.

Wiki za mwisho za Mei ndizo za kukosa usingizi. Mswada uliokufa hurudi ukiwa marekebisho ndani ya mswada mwingine, na hapo namba uliyokuwa ukiifuata haikusaidii tena. Rudi kwenye vifungu vyako, uvitafute kimoja kimoja ndani ya miswada iliyopitishwa. Kisha subiri gavana: ana siku 20 baada ya Bunge kufungwa kutia saini au kukataa, na akinyamaza, mswada unakuwa sheria.

Juni ikiisha, mwandikie kila mwenzako kwa lugha ya kaunta. Mwaka 2019 HB 3609 iliondoa sharti la kampuni zilizosajiliwa kuandikisha jina lao la kibiashara kwenye kaunti; tangu 1 Septemba mwaka huo zinaandikisha kwa Katibu wa Jimbo tu. Mtu binafsi anayefungua saluni au biashara ya usafi kwa jina lingine bado anakuja kwa karani wa kaunti. Mhudumu asiyejua tofauti hiyo atampokelea mwenye kampuni ada ambayo hakupaswa kulipa, au atamrudisha mama wa saluni bila sababu. Jamaa zetu wengi wa Houston, Dallas na Abilene wanafungua biashara ndogo, na nimewaona wakitoka ofisini wamekunja karatasi bila kuuliza lolote. Waelezeni.

Bunge la 90 litafunguliwa 12 Januari 2027, na miswada ya mapema itaanza kupokelewa Jumatatu 9 Novemba 2026. Orodha ya vifungu iwe tayari kabla ya Jumatatu hiyo.