Madogo wa kipindi cha Kihindi, mnamuua Mumtaz kila mwaka

Jumapili nimekaa zangu na chai nasikia dogo mmoja hewani anasema "marehemu Mumtaz", yule mwigizaji wa filamu za Kihindi, na mwenyewe yupo hai, chapati ikanishinda. Na kumtukana siwezi, maana hilo kosa nimelifanya mimi kabla yake, tena vibaya zaidi.

1. Jina moja sio mtu mmoja. Nilikua na miezi miwili tu studio, najiona fundi, nikapewa zamu ya nyimbo za zamani. Nikaweka wimbo wa Do Raaste, filamu aliyocheza Mumtaz, nikashusha mziki taratibu, nikaanza kwa sauti ya msibani kabisa, eti dada huyu alizaliwa Mumtaz Jehan, akateseka na tundu kwenye moyo miaka mingi, akafariki Februari 1969 ana miaka 36 tu. Nikanyamaza kidogo ili watu walie. Kumbe yote yale ni ya Madhubala, mwigizaji mwingine kabisa, yeye ndo alizaliwa anaitwa Mumtaz Jehan! Na Do Raaste yenyewe imetoka 1969, yani mtu nimemzika mwaka uleule nyota yake ilipopaa. Simu ikaita, bibi mmoja wa Ngamiani, fundi mitambo akamrusha hewani bila hata kunikonyeza: "Mwanangu, huyo unaemzika kaolewa na Madhvani wa sukari ya Kakira, vuka Uganda kaulize." Mi nikajibu nini? "Asante kwa maoni." Asante kwa maoni jamani! Nikaweka taarab dakika ishirini bila kusema neno, jasho linatoka na AC inawaka. Wiki iliofuata nikaomba radhi, watu wakapiga simu kunipa pole ya msiba, na mmoja akauliza arobaini lini.

2. Andika mwaka pembeni ya kila wimbo. Basi.

3. Muache kusema "akaolewa akapotea", inaniudhi hii. Mumtaz alianza akiwa mtoto, akakaa miaka kwenye filamu za mieleka na mpiga mieleka Dara Singh mpaka wakubwa wanamuona wa daraja la pili, ndo akaja kutamba na staa Rajesh Khanna, na filamu ya Khilona ya 1970 ikampa tuzo ya Filmfare. Mwaka 1974 zimetoka Aap Ki Kasam na Roti, watu wanajaa sinema, na mwaka huohuo anaolewa na Mayur Madhvani, hajafika hata miaka 30. Ile familia Amin alishaifukuza Uganda 1972 na Wahindi wengine, kwahiyo maisha yakawa London. Akamalizia kazi zilizobaki, Aaina ikatoka 1977, kimya, halafu 1990 akarudi na Aandhiyan, haikwenda, akajiondokea zake tena. Sasa hapo kapotea wapi? Kuondoka ukiwa bado wa moto sio mchezo, sisi watangazaji wenyewe mpaka tutolewe na mlinzi.

4. Meseji ya Watsap sio habari. 2020 walimzushia kifo tena, ikabidi familia itoke kukanusha. Ukiiona, tulia, maliza wimbo kwanza.

5. Matamshi mtajifunzia kwa wazee wanaopiga simu, wala msibishane nao. Yule bibi ananipigia mpaka leo, na salamu yake haijabadilika: "Shikamoo yako nimeipokea, haya, leo umeua nani?"