Kabla hujamnunulia mama saa ya kupima afya

Kila mshahara ukiingia, hakosi mtu wa kuniuliza ofisini anunue saa gani ya kumfuatilia mzazi. Wengi wetu hapa Dodoma tunaondoka alfajiri kwenda Mji wa Serikali, Mtumba, tunarudi jua limezama. Mzazi uliyemtoa Kondoa au Mpwapwa anashinda Nkuhungu na dada wa kazi. Jibu langu huwakata hamu: saa iache kwanza, anza na kipimo cha presha cha kufunga juu ya kiwiko.

Vifaa hivi, viwe na akili mnemba au visiwe nayo, vinasaidia pale vinapoijua kawaida ya mtu wako. Kawaida hiyo haiuzwi dukani. Inajengwa na vipimo vinavyochukuliwa kwa namna ileile kila siku: mama amekaa kimya dakika tano, ameegemea kiti, nyayo zimekanyaga sakafu, mkono hauna nguo na umelazwa mezani usawa wa moyo. Pima mara mbili, vipimo vipishane dakika moja. Mkanda nao uenee, maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha kubwa kuliko iliyopo. Kwetu kazi ilikuwa kumnyamazisha mama. Mkanda ukianza tu kujaa upepo, anakumbuka habari ya shamba.

Wastani wa nyumbani ukifika 135/85 au zaidi kwa wiki nzima, nendeni kliniki na daftari lenu. Ikisoma 180/120 au zaidi na ana maumivu ya kifua, anahema kwa shida, mdomo umepinda au upande mmoja umelegea, hapo ni hospitali moja kwa moja. Usianze kufungua programu.

Sasa saa. Ndani yake mna kihisi cha mwendo, na taa za kijani zinazomulika ngozi ili kusoma mapigo ya moyo. Programu ya kutambua kuanguka imefundishwa kwa mifano mingi: mkono umeshuka kwa kasi, umegonga, umetulia. Mama yangu anatwanga. Mashine ipo mtaa wa pili, lakini karanga za mboga haziamini mpaka azipige mchi mwenyewe. Mchi ukitua kinuni, naye akasimama kupumua kidogo, saa inatangaza ameanguka. "Mwanangu, hii saa yako inanizulia kifo," aliniambia kwenye simu, mimi nikiwa kikaoni natafuta mlango. Bila shaka kinu hakikuwamo kwenye mifano ile.

Usidanganywe pia na maneno "usahihi wa asilimia 95". Chukua siku 1,000, ambazo tano tu zina tatizo la kweli. Tuseme kifaa kinazinasa zote tano, na katika siku nyingine 995 kinakosea kwa asilimia tano tu. Utapata kengele za uongo zipatazo 50 kwa kengele tano za kweli. Baada ya mwezi utaanza kuzipuuza, na ya kweli itapita humo humo.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni nacho kina yake. Kinapitisha mwanga mwekundu na mwanga usioonekana kwenye nyama ya kidole, na rangi ya ngozi inaingilia. Utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulikuta kwamba kilishindwa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Ongeza piko au rangi ya kucha, ongeza vidole vilivyopoa kwa baridi ya Julai ya hapa Dodoma, namba inazidi kuyumba. Kwa hiyo iangalie inavyopanda na kushuka kwa wiki. Na mtu anayehema vibaya ni mgonjwa hata kama kioo kinaandika 97.

Kilichonifaa kuliko vyote ni vihisi vidogo vya ukutani, kimoja koridoni na kingine jikoni. Havipigi picha wala kurekodi sauti. Vinahisi joto la mwili linapopita. Programu ikakaa wiki kadhaa ikijifunza mama anaamka saa ngapi, anaingia jikoni lini, usiku anakwenda chooni mara ngapi. Hilo la chooni lina maana yake: zikiongezeka ghafla, huenda ni sukari au maambukizi ya mkojo, na mzee mwenye haya hatakwambia.

Basi ikaingia Ramadhani. Mama anaamka usiku wa manane kula daku, mchana jiko halina mtu, na programu ikaona msiba kila siku. Kwa hiyo ukiwa na kifaa cha namna hii, hakikisha kinakuruhusu kusimamisha taarifa au kukiambia kwamba ratiba imebadilika. Mgeni akija kulala, vilevile. Na joto la Oktoba na Novemba likipanda, vihisi hivi hupungua makali, kwa sababu mwili na hewa vinakaribiana joto.

Umeme ukikatika, intaneti ya nyumbani inakufa nao. Chagua kifaa chenye betri na laini ya simu kinachotuma SMS, na kinachotofautisha "mama hajapita koridoni" na "sipati mawasiliano". Kisichotofautisha kitakupandisha bodaboda bure kutoka Mtumba.

Kabla ya kununua chochote, kaeni mkubaliane nani anaitwa. Mimi niko mbali, kwa hiyo ujumbe wa kwanza unamwendea jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye ufunguo wa geti. Wa pili unakuja kwangu. Dada wa kazi ana karatasi ukutani yenye namba ya bodaboda anayepokea simu usiku, na majina ya dawa za mama. Jirani mmletee zabibu zikiiva. Anafanya kazi kubwa.

Halafu muulize mzazi mwenyewe. Taarifa za afya zimo kwenye zile nyeti zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hivyo muulize muuzaji zinahifadhiwa wapi na nani anazisoma. Programu ya presha inayotaka orodha ya namba zako za simu, ifute. Mama yangu alikubali koridoni na jikoni, chumbani akakataa, na chumbani hakuna kitu.