Shangazi, mke amenifungia balkoni na siga mkononi

Barua ya wiki hii imetoka South B, nimeikata kidogo juu ilikuwa ndefu kama foleni ya Mombasa Road.

"Shangazi habari ya kazi. Mimi ni mwanaume wa miaka 41, naishi fleti, flo ya tatu, na mke wangu na mtoto mmoja Tasha, ana miaka 6. Wakati wa lokdauni ya 2020 nilijifunza kupika bia kwa nyumba, si ya kuuza, ni lita 20 hivi mara moja kwa mwezi, najaza kwa chupa tunakunywa na mabeshte. Napikia balkoni na gesi kila ikifika Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na nikipika navuta siga, hizi kubwa za kahawia, si fegi, moja tu, juu kazi ya bia karibu yote ni kungoja na siga ni ya mtu anayengoja. Hiyo ndio raha yangu. Tangu Januari mabeshte wanakuja kabisa, watatu wanne, tunaketi sebuleni tunaonja, inakuwa poa sana, hata Tasha hutusaidia kupelekea watu glasi na trei yake ndogo. Sasa kuanzia mwezi wa pili mke amegeuka. Kwanza alisema ni moshi, nikasongesha kiti. Halafu akasema ni harufu ya sufuria. Jumamosi iliyopita alitia komeo kwa mlango wa balkoni nikiwa nje, simu iko ndani, nikakaa huko mpaka saa kumi na mbili jioni. Na cha kushangaza mama yake alipika busaa Kangemi miaka mingi, amelelewa na pombe, so si ati hajazoea. Silewi ovyo, simpigi, sirudi usiku wa manane. Kwani ni vibaya mtu awe na kitu kimoja chake? Na pia nilitaka kuuliza, moshi wa siga unaweza kuharibu bia? Mapishi mawili ya mwisho yametoka machachu kama ndimu. Ni mimi Baba Tasha."

Baba Tasha, kwanza nisamehe, nimecheka. Mtu mzima, themomita mkononi, anagonga kioo cha nyumba yake huku jirani wa ng'ambo anaanua nguo akimwangalia. Pole. Lakini si pole sana.

Nianze na swali la mwisho juu ndilo rahisi. Moshi hauharibu bia, mkono ndio unaharibu. Ukiwa bado unachemsha, hata jivu likidondoka ndani ni uchafu tu, unalitoa na mwiko, moto unaua kila kitu. Shida inaanza dakika ile umezima gesi. Kutoka hapo mpaka hamira iingie na ishike kazi, hayo maji ya kimea ni matamu, yana uvuguvugu, na kila mdudu wa South B anayataka. Sasa angalia siga yenyewe. Ni majani yaliyochachishwa kabla ya kukunjwa, wewe umeinyonya saa nzima, ukailaza kwa ukingo wa balkoni penye njiwa hukaa, ukaichukua tena, halafu vidole hivyo hivyo vikashika ndoo yako ya kuchachishia na kile kimpira cha kuhamishia bia. Na ili bia ianze kuteremka kwa mpira ulinyonya na mdomo. Ulinyonya, usinidanganye, kila mtu hunyonya, ni kama kutoa petroli kwa tangi. Hapo ndipo uchachu wako ulipitia.

Siga pia inaua ulimi. Huwezi vuta saa nzima halafu uonje bia na uniambie kama ni chungu ama tamu, utakuwa unaonja siga. Na kuna kitu resipi nyingi za YouTube hazikuambii, Nairobi tuko juu, karibu mita 1,700, maji yetu huchemka kwa digrii kama 94, hayafiki 100, kwa hivyo hopsi, yale maua ya kuipa bia uchungu, haitoi uchungu wote ambao mzungu wa kwa video anaupata akiwa karibu na bahari. Wewe ukiambiwa chemsha dakika 60 ongeza robo saa.

Kwa hiyo kazi yote ya masaa matano ina saa moja tu ya siga, ile ambayo kimea kimelala kwa maji ya digrii 65 hadi 68 na umefunika sufuria na blanketi. Hapo kweli huna kazi. Ukifika kwa kuchemsha, siga imezimwa, umenawa na sabuni mpaka viwiko, umesukutua mdomo, umebadilisha shati. Juu hiyo kitu ikichemka inafura kama maziwa, wewe unaangalia moshi wako ukipaa kuelekea Industrial Area, ukigeuka jiko limefurika na sukari inaungua kwa vigae. Na hapo kwa gesi nikukaripie kidogo. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, haipai, inashuka inalala chini, na balkoni yenye ukuta wa mawe kila upande ni kama karai. Siku mpira wa gesi utavuja na wewe umekaa hapo na kaa la moto mdomoni sitapata barua nyingine kutoka kwako. Saa ya siga shuka chini kabisa, enda mbali na madirisha ya watu.

Ati moja tu. Siga moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku ya pakiti nzima ya sigara, na usiniambie humezi moshi, nikotini ya siga inapitia ngozi ya mdomo, na saratani ya mdomo na koo haiulizi kama ulimeza. Marehemu mume wangu alivuta kiko miaka yote ya ndoa yetu, chini ya mti wa avokado, mvua ama jua, na mara nyingi nilimpenda zaidi akiwa huko. Lakini kiko ndicho kilimpeleka, sitakupamba maneno. Ni mwili wako. Wa Tasha si wako, na moshi hauna adabu ya kupita dirisha la chumba cha mtoto bila kuingia.

Haya. Sasa tuje kwa mkeo, na kwa ile sentensi umeiweka katikati ya barua kama mtu anaficha risiti.

"Amelelewa na pombe, so si ati hajazoea." Baba Tasha. Hajazoea ama amezoea zaidi ya unavyojua?

Nilifundisha shule ya msingi upande huo wa Kangemi miaka ya tisini. Kulikuwa na msichana wa darasa la nne alikuwa anafika kabla ya wenzake, anaenda kwa mfereji, anavua sweta, analoweka mikono na kola, anaikamua, anaivaa ikiwa mbichi hivyo hivyo asubuhi ya baridi ya Julai. Nilidhani ni utundu. Ilinichukua muhula mzima kujua ni harufu ya busaa alikuwa anatoa, juu wenzake walikuwa wanamwita debe. Nyumba ilikuwa chumba kimoja, pazia katikati, huku kitanda, huku wateja. Unga wa mahindi umechacha unakaangwa kwa bati la mafuta mpaka unakuwa kahawia, kimea cha wimbi kinaingia, na wanaume wameketi kwa mabenchi na mirija yao na sigara zao, na nani anapeleka mikebe? Ni yeye. Miaka tisa, anapita katikati ya magoti ya wanaume na mkebe wa busaa, saa tatu za usiku, homuweki iko chini ya kitanda.

Sasa soma tena barua yako mahali umeandika ya trei ndogo.

Mimi simjui mkeo na ninaweza kuwa nimekosea, lakini ulipika tangu 2020 na akavumilia, moshi na sufuria na yote. Januari ukaleta wanaume sebuleni, mwezi wa pili akageuka. Alikuambia ni moshi juu moshi ndio kitu mtu anaweza kusema kwa sauti. Ukasongesha kiti. Akakuambia ni harufu, na hapo alikuwa karibu kabisa kusema, juu kimea cha shayiri na kimea cha wimbi vikikutana na maji ya moto harufu ni ndugu wa tumbo moja, na ukiongeza tumbaku juu yake, na sauti za wanaume wakicheka, na msichana mdogo na trei, kwako hiyo ni Jumamosi, kwake inaweza kuwa ni Kangemi.

Na usisahau mambo yalikuwa aje wakati huo. Chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, ilikuwa imepigwa marufuku na sheria ya 1980 mpaka ikafutwa na ile ya 2010, na mwenye kupika busaa bila leseni hakuwa anaachwa kwa sababu eti yake ni nyepesi. AP, polisi wa utawala, walikuwa wanakuja alfajiri, mlango teke, mapipa teke, busaa inatiririka mpaka kwa mtaro, mama kwa lori, watoto wanaamka na hakuna wa kuwasha jiko. Mimi huwaza hii kitu sana. Wale ndugu wawili Waingereza, kina Hurst, walianza kupika bia hapo Ruaraka 1922, mmoja akauawa na ndovu mwaka uliofuata, na mpaka leo tunamkumbuka kwa jina la Tusker na ndovu wake kwa lebo. Mama mkwe wako akipika yake alikuwa anaandikwa kwa OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Na kwa hiyo pesa ya busaa ndio mkeo alisoma, so hata kuichukia vizuri hawezi. Unaona venye imefungamana?

Umeuliza kama ni vibaya mtu awe na kitu kimoja chake. Si vibaya. Cha mkeo ni gani? Nimetafuta kwa barua yako sijakiona.

Sasa fanya hivi. Tasha asishike glasi ya mtu mzima tena, kuanzia leo, na usingoje kuambiwa, na ukimwambia mkeo mwambie kwa sentensi moja tu, "Tasha hatapelekea watu pombe tena, nilikosea," unyamaze hapo. Usiongeze lakini. Mabeshte wako wapumzike, wana nyumba zao. Sufuria ioshwe vizuri iende juu ya kabati miezi miwili mitatu, kimea hakitalia.

Halafu siku ambayo hakuna harufu ya kitu chochote kwa nyumba, labda mkitoka sokoni, ama usiku stima ikipotea, muulize mkeo habari ya mama yake. Usimuulize ya bia. Muulize alikuwa anaamka saa ngapi, walikuwa wanalala wapi wateja wakichelewa kutoka. Na akianza kuongea usifanye ile kitu wanaume hufanya ya kusema "aaa kumbe ndio maana", kama fundi amepata waya iliyokatika. Sikiliza tu. Anaweza kukataa kuongea, hiyo pia ni sawa, utakuwa umebisha hodi. Anaweza pia kukucheka akwambie Shangazi ni mzee amechanganyikiwa, mimi nachukia tu vile unanuka ukiingia kitandani. Hilo nalo lina dawa, sabuni.

Baadaye sana, akikubali, utapika tena. Tafuta beshte mwenye kompaundi Rongai ama Kitengela, upikie huko, siga yako uvutie huko, urudi umeoga. Na usianze kuuza hata chupa moja kwa jirani, sheria ya vileo ya 2010 inataka leseni ya kutengeneza kama vile inataka ya kuuza, ukitaka kujua zaidi muulize wakili usiulize mabeshte. Na kama una hamu ya kuuliza mama mkwe siri za kimea, na najua unayo juu watu wa hobi hamwezi kujizuia, isiwe ziara ya kwanza. Wala ya pili.

Mwisho kabisa, hizo chupa za mapishi mawili yaliyochacha, kama bado ziko ndani ya nyumba, zitoe. Yule mdudu aliyeleta uchachu anaendelea kula sukari ambayo hamira iliacha, gesi inajaa, chupa inapasuka yenyewe. Mimi 1996 nilitengeneza kinywaji cha tangawizi kwa hamira ya mkate nikafunga chupa nikazipanga kwa kabati la jikoni Buruburu, saa nane usiku nne zikalipuka moja baada ya nyingine, marehemu akajitupa chini ya kitanda akaniacha juu. Vioo tulikuwa tunaviokota mpaka Pasaka. Zifunike na taulo nzito, vaa miwani na glavu, zitelemshe mpaka kwa sinki la kufulia huko chini, fungua moja moja pole pole uzimwage. Siku hiyo Tasha asiwe hapo. Mpeleke na mama yake kwa nyanyake Kangemi washinde huko, na ukienda kuwachukua jioni usiende mikono mitupu.