Re: Kukulia Unga Limited kulikusaidia kwenye muziki?

Mkuu, umeuliza kama kukulia Unga Limited, mtaa wa hapa Arusha, kulinisaidia au kulinikwamisha kwenye muziki. Kulinisaidia, tena sana. Mtaa wenyewe umepata jina kwa kiwanda cha unga. Sisi tulilala chumba kimoja watu sita, ukuta wa mabanzi, kwa hiyo redio ya jirani ilikuwa yetu pia. Ngoma yangu ya kwanza ni ndoo ya maji ya mama (ilipasuka, bakora zikafuata). Halafu X Plastaz, kundi la hip hop lililoanza 1996 hapahapa Arusha, wakachanganya kuchana na uimbaji wa Kimaasai. Hapo chalii mimi nikaacha kuionea aibu lafudhi yangu. Gitaa? Nililishika nina miaka 19, la kuazima.