Maswali na majibu: Saini za waathiriwa wa mafuriko

Barua nyingi wiki hii zimetoka kwa vijana wanaojitolea kukusanya saini ili familia zilizofurushwa na mafuriko zipewe makao. Nawajibu wachache.

*Ni lazima tufikishe saini milioni moja? (Msomaji, Kisumu)*

Hili nimelijibu mara nyingi mno. Milioni moja ni ya kubadilisha Katiba, Kifungu cha 257. Haki ya kuliomba Bunge iko katika Kifungu cha 119, na ni ya kila mtu. Hata mmoja anatosha.

*Mwenzangu amewatilia saini watu wote wa boma moja, akiwemo nyanya asiyejua kuandika. Kuna ubaya? (Msomaji, Budalang'i)*

Upo, tena mkubwa. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu maombi kwa Bunge inakubali alama ya dole gumba. Basi nyanya huyo alikuwa na njia yake, nanyi mkamnyima. Sheria hiyo hiyo inataka saini ziandikwe moja kwa moja kwenye ombi, si kubandikwa wala kuhamishwa kutoka karatasi nyingine. Mwaka 2016 kampeni ya Okoa Kenya, iliyotaka kubadilisha Katiba, ilianguka kwa sababu tume ya uchaguzi ilipokagua, saini halali hazikufika milioni. Nawasihi: mwandiko mmoja ukijaza mistari kumi, asiyetaka kuwasaidia waathiriwa amepata kisingizio, na aliyelala kwenye hema lenye matope ndiye atakayeumia. Choma karatasi hiyo, urudi kwa nyanya na kidau cha wino. Na ukifika, keti naye kwanza. Huenda hajapata wa kumsikiliza tangu maji yabebe nyumba yake.

*Watu wanakataa kutoa nambari ya kitambulisho. Tuwashawishi vipi? (Msomaji, Nakuru)*

Msiwalaumu. Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua wamesajiliwa katika vyama vya kisiasa bila kujua. Nambari inahitajika kisheria, kwa hiyo waelezeni ni ya nini na nani atakayeiona. Karatasi zikae na mtu mmoja anayejulikana, zisiachwe kwenye kaunta ya duka. Nimeona vijana wakizipiga picha na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp ili kuonyesha bidii. Acheni! Tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019. Na akikataa baada ya kuelezwa, mshukuru, uende nyumba ya pili.

*Tuwape soda wanaosaini?*

Hapana. Wala mia mbili ya nauli.

*Ombi liende Nairobi au kwenye kaunti? (Msomaji, Garissa)*

Katiba imezipa serikali zote mbili jukumu la majanga, na Sheria ya Serikali za Kaunti inawaruhusu kuliomba bunge la kaunti. Mimi ningeanza huko, maana mwakilishi wa wadi mnamjua na mlango wake mnaujua. Lakini andikieni kwanza ofisi inayohusika na mtunze nakala, kwa sababu ombi hutakiwa kueleza hatua mlizochukua, na kama kuna kesi mahakamani.

*Lazima liwe la Kiingereza? (Msomaji, Tana River)*

Kiswahili kinakubaliwa, na ningependa mkitumie. Msomeeni kila mtu ombi lote kabla ya kumpa kalamu.