FreeBSD ikigoma kuwaka kwenye Raspberry Pi: anza na waya wa siriali

Kama unaweka FreeBSD (mfumo endeshi wa bure) kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) hapa Dodoma, iwe ni ya kulinda mtandao wa ofisi ndogo Area C au ya kupima joto la ghala la mahindi Kibaigwa, nunua adapta ya USB ya siriali (inayokuwezesha kusoma kwenye laptop kile Pi inachoandika inapowaka) kabla hujafikiria kasha, feni au kadi kubwa. Bila adapta hiyo unabahatisha tu. Skrini ikiwa nyeusi huwezi kujua kama shida ni umeme, kadi, imeji (nakala ya mfumo inayoandikwa kwenye kadi) au kerneli (kiini cha mfumo), na wengi huishia kuiandika upya kadi ileile wakati mbovu ni chaja.

Adapta yenye chipu ya CP2102, CH340 au FT232 inatosha, mradi itoe volti 3.3. Nyingine zina kipini cha kuchagua kati ya 3.3 na 5. Kiweke kwenye 3.3, kwa sababu pini za Pi hazivumilii volti 5. Ukiikosa mjini, agiza Kariakoo, basi litakuletea.

Nyaya ni tatu tu. GND (ardhi) ya adapta inakwenda pini namba 6 ya Pi, RX (inayopokea) ya adapta inakwenda pini 8, TX (inayotuma) ya adapta inakwenda pini 10. Waya wa nne, ule wa umeme, uache bila kuuchomeka popote. Pi itapata umeme kwenye chaja yake. Kisha fungua konsoli (dirisha la kusoma ujumbe na kuandika amri) kwa kasi ya 115200:

`picocom -b 115200 /dev/ttyUSB0` kwenye Linux, au
`cu -l /dev/cuaU0 -s 115200` kwenye FreeBSD. Wa Windows watumie PuTTY.

Usiilaumu Pi kabla ya kuijaribu adapta yenyewe. Chomoa nyaya upande wa Pi, unganisha TX na RX za adapta kwa waya mmoja, kisha andika herufi yoyote. Ikirudi kwenye skrini yako, adapta ni nzima. Isiporudi, shida iko kwenye draiva, kwenye adapta, au, kwa watu wa Linux, mtumiaji wako hayumo kwenye kundi la `dialout`. Adapta ikiwa nzima na bado kuna kimya, badilishana TX na RX. Hilo ndilo kosa la kila siku. Ukiona herufi zisizosomeka, ama kasi si 115200 ama waya wa GND umelegea. Na kama unasoma vizuri lakini ukiandika hakuna kinachoingia, nenda sehemu ya Serial kwenye PuTTY na uweke Flow control kuwa None.

Soma mstari wa mwisho

Pi haiwaki kwa mkupuo. Kwanza chipu ya Broadcom inasoma `start.elf` (Pi 3) au `start4.elf` (Pi 4) kwenye patisheni ya FAT ya kadi. Hiyo inaipakia U-Boot, programu ndogo ya kuwashia. U-Boot inaipakia `loader` ya FreeBSD, `loader` inaipakia kerneli, kerneli inaitafuta patisheni ya mfumo, ndipo huduma zinaanza. Kila hatua inaandika kitu kwenye siriali, isipokuwa ile ya kwanza ambayo kwa kawaida hunyamaza. Kwa hiyo mstari wa mwisho uliotokea unakuambia ni hatua ipi imekwama, na hatua zote za kabla yake huna haja ya kuzigusa. Ukiushika utaratibu huu utaokoa bando na muda.

Kama hata U-Boot haikutokea, tazama taa. Ya kijani ikipepesa mara 4 kisha ikatulia na kurudia, bodi haikuona `start.elf`. Ikipepesa mara 7, haikuona faili la kupakia, ambalo kwetu ni `u-boot.bin`. Sababu kubwa ni imeji isiyo yake. Kwenye ukurasa wa kupakua utakuta `disc1.iso` na `memstick.img` zenye maneno arm64-aarch64. Hizo ni za mashine zenye UEFI yake (programu ya kuwashia iliyomo ndani ya mashine), hazina mafaili ya Broadcom ndani. Unayoitaka ina neno RPI mwishoni, mfano `FreeBSD-14.3-RELEASE-arm64-aarch64-RPI.img.xz`. Ni ya Pi 3 na Pi 4. Pi 5 usiilazimishie. Na kama Pi 4 yako ni ya toleo la karibuni, usitumie imeji ya zamani uliyoihifadhi kwenye flashi, maana bodi mpya zinahitaji `start4.elf` mpya.

Sababu ya pili ni mtu kunakili `config.txt` ya Linux juu ya ile ya FreeBSD. Ukifanya hivyo unapoteza mstari wa `kernel=u-boot.bin`, na kwa Pi 4 unapoteza pia `armstub=armstub8-gic.bin`, na bodi haiendi popote. Ukitaka kubadilisha kitu humo, ongeza mstari chini ya kichwa cha `[all]`, usifute vilivyopo.

Sababu ya tatu ni kadi. Kadi bandia zipo tele: imeandikwa GB 64, ndani kuna 8, na data inayozidi hapo inapotea bila kelele. Ijaribu kwa `f3write` na `f3read`, au H2testw kwa Windows, kabla ya kuandika chochote. Kadi ya GB 16 ya kweli ni bora kuliko 128 ya mashaka. Imeji nayo ikague. Bando likikatikia katikati, endelea kwa `wget -c`, kisha linganisha SHA256 yake (namba ya kuhakiki faili) na faili la CHECKSUM lililo kando yake. `xz -t` nayo itakuonyesha mara moja kama faili halikukamilika. Ndipo uandike:

`xzcat FreeBSD-14.3-RELEASE-arm64-aarch64-RPI.img.xz | sudo dd of=/dev/sdX bs=1M conv=fsync status=progress`

Hiyo `sdX` ihakiki kwa `lsblk`, maana ukikosea herufi unafuta diski ya laptop. Ukimaliza, chomoa kadi, irudishe bila kuifungua (mount), halafu soma ulichoandika:

`xzcat FreeBSD-14.3-RELEASE-arm64-aarch64-RPI.img.xz | sudo cmp - /dev/sdX`

Jibu la `EOF on -` ni zuri, maana yake vimelingana mpaka mwisho wa imeji. Usiruke kule kuchomoa: bila hivyo unaweza kuwa unasoma nakala iliyobaki kwenye RAM ya laptop, si kadi. Uzuie pia mfumo wako usiifungue kadi wenyewe, kwa kuwa ukiifungua unaweza kugusa patisheni ya FAT na ulinganisho ukaonyesha tofauti isiyo na madhara.

Umeme

Hapa ndipo ninaposisitiza kuliko kwingine. Pi 3 inataka volti 5.1 na ampea 2.5; Pi 4 inataka 5.1 na ampea 3. Chaja ya simu ya ampea 1 yenye kebo nyembamba ya mita mbili itaiwasha taa, itaionyesha U-Boot, halafu kerneli ikianza kuamsha koa zote za prosesa (cores) na USB, volti zinaporomoka na bodi inajiwasha upya. Dalili yake ni kukwama mahali tofauti kila mara. Hitilafu ya programu hurudi mstari uleule. Ya umeme inahamahama. Taa nyekundu ikizima au kupepesa, volti zimeshuka chini ya 4.63. Chukua multimita, pima kati ya pini 2 na pini 6 wakati bodi inafanya kazi. Ukiona chini ya 4.75, badilisha kebo kwanza, kisha chaja. Diski ya nje usiitegemeze kwa Pi: bandari zote za USB za Pi 4 kwa pamoja zinatoa ampea 1.2 tu.

Wanaotumia sola na betri ya volti 12, kama ilivyo mashambani Hombolo au Mpunguzi, mara nyingi wanaweka kibadilishi cha volti cha LM2596. Kinafaa kwa Pi 3, lakini skrubu yake irekebishe mpaka multimita isome 5.1 kabla hujaunganisha bodi. Ukiingiza umeme kwa pini za GPIO (zile pini za bodi) hakuna fyuzi ya kukulinda. Nyaya zikigeuzwa, bodi imekufa.

U-Boot, loader na kerneli

Ukikuta imesimama kwenye `U-Boot>` bila wewe kugusa kitu, pini ya RX imeokota kelele ikadhani umebonyeza kitufe. Andika `boot` uendelee. Mara nyingi inatokea adapta ikiwa imechomekwa kwenye Pi lakini upande wa laptop haujachomekwa, kwa hiyo ukimaliza kazi chomoa nyaya. Ikikwama inapotafuta vifaa vya USB, ondoa diski na flashi zote ujaribu tena.

Kimya kinachowatisha wengi ni kile kinachofuata mstari wa `Using DTB provided by EFI`. Kerneli imepewa usukani, na inaandika kwenye konsoli usiyoitazama. Washa upya, bonyeza kitufe kingine badala ya Enter wakati `loader` inahesabu, na kwenye alama ya `OK` andika:

`set boot_multicons=YES`
`set boot_serial=YES`
`boot -v`

Ikifanya kazi, weka mistari hiyo miwili ya kwanza kwenye `/boot/loader.conf` bila neno `set`. Na elewa hili: hata konsoli zote mbili zikiwa zimewashwa, ujumbe wa kerneli unakwenda kote, lakini ujumbe wa huduma zinazoanza unakwenda kwenye konsoli kuu tu, ambayo ni siriali. Mwenye HDMI ataona maandishi yamesimama na kudhani mashine imeganda, wakati imeshawaka na inasubiri uingie kwa mtandao (SSH).

Ukifika `mountroot>` na kosa namba 19, kerneli haijaiona diski. Andika `?` ikuonyeshe ilivyoviona. Kama `mmcsd0` haipo, ni kadi au mguso wake. Vumbi letu la kiangazi linaingia kila tundu, safisha kwa spiriti. Ukiwasha kutoka diski ya USB, huenda diski ilichelewa kuamka: weka `kern.cam.boot_delay=10000` kwenye `loader.conf`, yaani isubiri sekunde 10. Ikionekana, andika `ufs:/dev/ufs/rootfs` uendelee.

Mara ya kwanza kuwaka, mfumo unatanua patisheni ijaze kadi. Usikate umeme hapo. Ikiwa `df -h` bado inaonyesha nafasi ndogo, `service growfs onestart` inarudia kazi hiyo.

Baada ya kuingia

Mtumiaji ni `freebsd`, nywila `freebsd`. `root` nayo nywila yake ni `root`, na haiingii kwa SSH. Badilisha zote mbili kwa `passwd` kabla ya kuchomeka kebo ya mtandao.

Raspberry Pi 3 na 4 hazina saa yenye betri. Umeme ukikatika, ukirudi bodi inadhani ni tarehe ya zamani, na kila anwani ya https inakataa kwa sababu cheti "bado hakijaanza". Watu huanza kuchokonoa DNS bure. Endesha `tzsetup Africa/Dar_es_Salaam`, weka saa kwa mkono kwa `date` ukifuatisha mwaka, mwezi, siku, saa na dakika bila nafasi, mfano `date 202602141030`, kisha:

`sysrc ntpd_enable=YES ntpd_sync_on_start=YES`

Wi-Fi ya ndani ya Pi haina draiva kwenye FreeBSD, kwa hiyo usipoteze jioni kuitafuta. Tumia kebo. Kama huna ruta, chomeka simu ya Android kwa USB, washa ugawaji wa intaneti kwa USB, kisha `dhclient ue0` kwenye Pi 4. Kwenye Pi 3 simu itakuwa `ue1`, kwa kuwa `ue0` ni tundu lake la kebo. Isipotokea, `kldload if_urndis` kwanza.

Wenye APU2 (bodi ndogo ya kampuni ya PC Engines) na OpenBSD (mfumo ndugu wa FreeBSD) wana kisa kinachofanana. Bodi hiyo haina tundu la skrini kabisa, inataka kebo ya siriali yenye nyaya 2 na 3 zilizopishana, na ikinyamaza baada ya `entry point`, hujaiambia itumie siriali. Kwenye `boot>` una sekunde 5 za kuandika `stty com0 115200` kisha `set tty com0`. Kisakinishi kikiuliza kama com0 iwe konsoli ya kudumu, kubali, kitakuandikia `/etc/boot.conf`.

Kwa bodi itakayokaa mbali bila mtu, kama ghalani au juu ya dari la mabati, `sysrc fsck_y_enable=YES` ni ya lazima. Bila hiyo, umeme ukikatika vibaya siku moja utaambiwa `RUN fsck_ffs MANUALLY` na bodi itasubiri mpaka mtu afike na waya wa siriali. Akifika, aandike `fsck -y /`, kisha `reboot`. Joto lipime saa nane mchana kwa `sysctl dev.cpu.0.temperature`, ikikaribia 80 bodi inapunguza kasi yenyewe, ishushe kutoka darini. Na kadi ikishakuwa sawa kabisa, izime kwa `shutdown -p now`, iinakili yote kwa `dd` kwenye laptop, uandike kadi ya pili na kuigundisha kwa selotepu ndani ya kasha.